Mahali Palipouma

Verlyn Dykstra alikuwa mfuga nguruwe wa Iowa, Marekani, na huko mwanamume halalamiki. Mgongo ulipomkaza akiinua gunia la pumba, alitembea wiki nzima amepinda kama ndoano, na kila aliyemjulia hali kanisani alijibiwa, "Si mbaya."

Mkewe Arlys alichoka kumtazama. Akamtia kwenye gari, akamshusha mlangoni kwa mnyoosha mgongo wa mjini, naye akabaki garini akifuma.

Daktari akamlaza kifudifudi, akaanza kubonyeza.

"Hapa panauma, mzee?"

"Si sana."

"Na hapa je?"

"Wapo wenye shida kuliko mimi."

Daktari naye ni mzaliwa wa huko huko, na baba yake naye halalamiki, basi hakuuliza tena. Akamzungusha shingo, akamwekea goti kiunoni, akamkandamiza kwa uzito wake wote. Mifupa ikaalika kama kuni kavu. Verlyn hakutoa hata mguno. Alipoinuka, alikuwa amenyooka kama mlingoti.

"Sasa unajionaje?"

"Si mbaya."

Akaenda mapokezi kulipa.

"Dola themanini na tano, Mzee Dykstra," akasema binti wa pale. "Na Alhamisi urudi."

Yowe lililomtoka Verlyn liliwaamsha wagonjwa waliokuwa wakisinzia kwenye viti.

Alipofika garini, Arlys alikuwa ameshateremsha kioo.

"Nimekusikia mpaka huku, mume wangu! Kakubonyeza wapi?"

Verlyn akaingia polepole, amepinda upya.

"Mfukoni."