Tulikupa Mke, Hatukukupa Mfungwa

Nakumbuka vizuri, mwanangu Festo, siku shemeji alipomfuata dada yangu hadi kwenye kitanda cha mgonjwa. Jana ulinikumbusha. Mkeo yuko sokoni anauza kabichi, wewe unampigia simu kila mara, unataka akuonyeshe kwa video amesimama na nani. Nilipokuuliza, ukacheka: “Mama, Waingereza wanasema mtu awekwe kwenye kamba fupi. Yaani umsimamie kwa karibu, asipate nafasi ya kukosea.”

Nikakuuliza msemo huo umetoka wapi. Ukasema, bila haya, umetoka kwa mbwa: mwenyewe humfupishia kamba wanapotembea, asikimbilie watu.

Mbwa! Festo, mke wako ni mbwa?

Sasa nisikilize. Dada yangu Skola aliolewa huku Bigwa, chini ya mlima wa kwetu. Mumewe alimfuata kisimani, alimfuata shambani, hata kanisani alikaa mlangoni kuangalia nani anamsalimia. Dada alikonda, akaacha kucheka. Mama yetu alipougua, dada akapanda mlimani kwetu kumwuguza. Hajakaa hata kitako, mumewe huyo hapo, anahema. Mjomba, kaka wa mama na mkubwa wa ukoo wetu, alikuwepo, na yule bwana hakumpa hata shikamoo.

“Umekuja kumwona mgonjwa?” mjomba akamuuliza.

“Nimemfuata mke wangu. Nisipomwangalia ataharibika.”

Mjomba akasimama. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alipaza sauti. “Tulikupa mke, hatukukupa mfungwa. Kunywa maji, ushuke. Skola anabaki na mama yake.”

Akashuka, akitukana njia nzima. Baadaye alileta wazee wake kuomba radhi. Dada akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Hapa ninalala usingizi. Sirudi.” Hakurudi. Alilima shamba la ukoo wetu, akanenepa, na kicheko chake kikawa kinasikika hadi ng’ambo ya bonde. Yule bwana mpaka leo anasema alionewa. Alionewa na nani, kama si na yeye mwenyewe?

Basi, mwanangu, acha mchezo huo wa kumpigia mkeo video leo hii. Ukiwa na shaka na mkeo, kaa naye chini umuulize, kisha uliamini jibu lake. Akienda sokoni, mwache auze. Na mwombe radhi, mimi sitakuombea.

Mungu akujalie nyumba ambayo mkeo akitoka, atakuwa na hamu ya kurudi.