Ushuhuda wa Sehemu ya Nne

Sehemu ya Nne, Kifungu cha Pili: Historia ya Dereva. Ndivyo fomu ya madai ya bima inavyoliita swali ambalo jirani angeuliza moja kwa moja: umewahi kushikwa ukiendesha gari ukiwa mlevi?

Nilikuwa kwenye foleni ya wakala wa bima mjini Thika. Mbele yangu, mzee mmoja ambaye pikapu yake ya maziwa ilikuwa imelala gereji aliandika "Hapana" na kusukuma fomu chini ya kioo. Mama wa kaunta aliisoma, akavua miwani.

"Mzee, si Jumapili ulisimama kanisani Ruiru ukatuambia vile ulishikwa umelewa chakari, korti ikakufunga?"

"Huo ulikuwa ushuhuda, mama. Yule mtu alikufa nilipookoka."

"Alikufa akakuachia leseni? Kampuni ikijua umedanganya, haitengenezi pikapu. Sema ukweli wa zamani, ndio waangalie hii ajali peke yake."

Mzee alikuna shingo, akatutazama sisi wa foleni, nasi tukaanza kusoma kalenda ya ukutani. Kisha akakata "Hapana", akaandika "Ndiyo".

Kanisani dhambi hurefushwa ipendeze. Ofisini hufupishwa ipotee. Bima huitaka kwa urefu wake halisi, tena kwa herufi kubwa.

Juzi niliiona pikapu ile Ruiru, imenyooshwa, imejaa mitungi. Kuhusu ajali yenyewe: ng'ombe alivuka barabara pale Murera, mzee akamkwepa, akaingia mtaroni. Siku hiyo mzee alikuwa amekunywa chai tu.