Rosa Kiden na Mstari wa Pili

Rosa Kiden alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipoanza shahada ya pili ya sayansi ya siasa, katika chuo ambacho hakuwahi kukikanyaga. Kilikuwa nchi ya mbali, kikifundisha kwa mtandao. Rosa alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja nje kidogo ya mji wa Koboko, na alisoma alasiri wanafunzi wakishatawanyika, kompyuta juu ya dawati la dirishani, maana hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Walimu wenzake walimtania kwamba anajiandaa kugombea ubunge. Alicheka tu. Siasa yeye alitaka kuielewa, basi.

Tasnifu yake ilihusu jambo aliloliona kwa macho yake. Mwaka 2018 wanakijiji walimchagua mwenyekiti wao kwa kupanga mistari. Kila mtu alisimama hadharani nyuma ya amtakaye, kisha vichwa vikahesabiwa. Moris, kaka yake Rosa, alikuwa mgombea, na alishindwa kwa watu watano. Katika mstari wa pili, nyuma ya mpinzani wake, alisimama Mzee Tahiru, askari mstaafu na jirani yao wa miaka mingi, mtu aliyekula Krismasi kwao nao wakala Idi kwake. Toka siku hiyo salamu zikabaki za njiani tu.

Rosa aliwahoji watu thelathini na mmoja. Kwa Tahiru hakwenda. Msimamizi wake, profesa aliyemjua kwa sura ya kwenye kioo cha kompyuta, alisoma rasimu na kuuliza swali moja: mbona wa mstari wa pili wote wanatoka upande wa pili wa kijiji? Je, hakukuwa na jirani hata mmoja? Rosa alijibu kwamba atalifanyia kazi, akafunga kompyuta.

Jumamosi alimkuta mzee akipukuchua mahindi. Alipewa kiti. Kama chuo kilivyotaka, alimsomea fomu ya ridhaa: unaweza kukataa, na jina lako halitaandikwa.

“Jina yangu andika,” Tahiru alisema. “Watu yote iliona mimi pale.”

Alipukuchua gunzi zima kabla ya kuendelea.

“Moris iko mutu yangu. Mimi najua, nikisimama upande ingine, roho yake itauma, lakini hawezi kunifanya mubaya. Ule mwingine, nikikosa mustari yake, shamba yangu ya kule chini itapata maneno ya mupaka. Sasa wewe, mwalimu, ungesimama wapi?”

Rosa aliyaandika yote, pamoja na swali lile. Miaka yote hiyo aliamini kwamba mzee alihongwa. Kisha akaomba ruhusa ya kumweleza Moris. Tahiru alisema amweleze, yeye sasa ni mzee.

Moris alikuwa kibandani kwake akitia mafuta cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

“Alisema hivyo? Kwamba mimi siwezi kumfanyia baya?”

“Ndivyo alivyosema.”

Moris akarudi kwenye cherehani yake. Lakini Ijumaa iliyofuata, Tahiru aliporudi nyumbani kutoka msikitini, alimkuta Moris ameketi barazani kwake. Walizungumza habari za mvua na bei ya mahindi, na uchaguzi hawakuugusa.

Rosa aliandika upya sura ya nne: mbele ya macho ya watu wote, mtu anaweza kusimama mbali na yule anayemwamini zaidi, kwa sababu anamwamini. Profesa alimwandikia kwamba hoja hiyo hakuwahi kukutana nayo katika vitabu. Rosa aliisoma barua hiyo mara tatu.

Siku ya kutetea tasnifu alikwenda mjini Arua, kwenye ofisi ya Phiona, rafiki yake wa tangu sekondari, maana mtandao wa huko haukatiki ovyo. Watahini walikuwa watatu. Mmoja alimuuliza kama dada wa mgombea aliyeshindwa anaweza kuandika jambo hili kwa haki.

“Sikuweza,” Rosa alijibu, “mpaka nilipokwenda kumsikiliza jirani yangu.”

Alipita, akatakiwa kurekebisha tanbihi chache. Phiona alimkumbatia, akaagiza nyama choma na muhogo, wakala mlangoni pa ofisi huku bodaboda zikipita na Rosa akisimulia lile swali kwa mara ya pili, safari hii akiiga sauti ya mtahini. Jumatatu alikuwa darasani Koboko, chaki mkononi, akifundisha hesabu za sehemu.