Muda Wako Umekwisha

Kila asubuhi kompyuta ya zahanati ilipomwandikia Rahima kwamba kuna hitilafu, yeye aliijibu kwanza. "Yangu au yako?" aliiuliza, huku akitengeneza mtandio wake. Hapo ndipo alipoanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa karibu na mlango wa zahanati moja ya Likoni na kuwaeleza watu simu zao zinasema nini. Miadi ya daktari iliombwa kwenye simu: unaingia kwa namba yako, unachagua siku, unatoka. Lakini ukikawia kuandika, ukikosea namba, au siku ikiwa imejaa, jibu lilikuwa moja tu: *Muda wako umekwisha.*

Jumatatu moja akaja Bi Mwanarehema, mgonjwa wa presha, simu kaishika mbali na mwili kama kaa aliye hai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rahima, mwanangu, niambie kweli. Daktari kaona nini?"

"Kwani vipi?"

"Naomba siku ya dawa, naambiwa muda wangu umekwisha. Hata pole hakuna! Nimeshawaita wanangu, nimeshagawa vyombo. Mwanarusi kachukua sufuria kubwa."

Rahima akauma mdomo asicheke. Akaeleza, lakini bibi hakutaka kusikia.

"Anayeijua siku yangu ni Mungu. Nyinyi na simu zenu, basi!"

Akaenda zake bila miadi, na vidonge vilivyombakia vilikuwa vya siku tatu.

Rahima akampigia Bonface, fundi wa huduma hiyo, kijana wa bara anayekaa Changamwe.

"Hayo maneno nani kayaandika?"

"Mimi. Kilichoisha ni kikao, ule muda wa kuwa ndani ya huduma, Rahima, si mtu!"

"Bibi ana kikao gani? Ana presha. Hebu niambie, mashine inajua mtu kakosea wapi?"

"Inajua. Inaniletea kila kosa na sababu yake. Mimi ndiye ninayeyajibu yote kwa neno moja."

"Uvivu huo."

"Eh, uvivu."

Basi Rahima akayaandika majibu mwenyewe, kila kosa na lake. La aliyekawia likawa hivi: *Umenyamaza kidogo, mlango umejifunga. Piga hodi tena, uliyoyaandika tumekuwekea.*

"Lakini hatumwekei," Bonface akasema alipokuja zahanati kulisoma. "Kikao kikifungwa, yote yanafutika."

"Basi muwekee. Mimi bibi wa watu simwandikii uongo."

Selpher, msimamizi wa zahanati, alikuwa akisikiliza. "Na simu zikijieleza zenyewe," akauliza, "wewe utakaa hapo ufanye nini?"

Hilo Rahima alikuwa ameshaliwaza. "Bibi ana vidonge vya siku tatu," akasema.

Bonface alifanya kazi siku mbili. Maneno yalipoingia, Rahima akamfuata Bi Mwanarehema nyumbani kwake, akambembeleza ajaribu mara moja tu. Bibi akaandika jina lake, kisha akaacha makusudi, akaikazia simu macho kama anayemngoja mtoto muongo ajisahau. Zikapita dakika tano. Maneno yakaja. Akayasoma polepole, mdomo ukichezacheza.

"Hodi!" akaiambia simu kwa sauti. "Hodi, wenyewe!"

Akaingia tena, jina lake akalikuta pale pale alipoliacha. Akachagua kesho yake.

"Huyu sasa kafundwa adabu," akasema. "Mwambieni Mwanarusi alete sufuria yangu!"

Wiki mbili hazikuisha, mlangoni hapakuwa na wa kuuliza tena. Bonface akapiga simu, anacheka.

"Umejifukuza kazi!"

"Wallahi, nimejifukuza."

"Basi njoo huku ofisini kwetu. Kuna huduma ya vitabu vya maktaba inawaambia watu *Umekataliwa.* Watoto wa shule wanalia."

"Umekataliwa na nani?"

"Na mimi, tena."

Rahima akacheka hadi wagonjwa wakageuka. Akachukua mkoba wake, akaaga. Selpher akamuuliza kama atarudi baada ya chakula.

"Sirudi," akasema Rahima, akatoka.