Siku Magugu Yalipoondoka na Mdogo Wangu

Wazazi wangu walipoachana waligawana watoto. Mimi mwenye mdomo nilibaki na mama Igogo, anakouza dagaa. Mdogo wangu mpole akaenda na baba ng'ambo, upande wa Kamanga, kuchunga ng'ombe. Hapo baba ndiye aliyefaidi.

Kila likizo mama alinivusha kwa pantoni. Yeye na baba walikutana gatini ila hawakuongea. Mama alisema, "Mwambie baba yako mtoto anahitaji viatu vya shule," na baba mwenyewe kasimama palepale, masikio mazima. Mimi nikafikisha ujumbe, chumvi juu: "Shikamoo baba. Mama anasema umependeza, ila viatu."

Likizo ya mwezi wa sita baba alikuja gatini akikimbia, matope hadi magotini.

"Mwambie mama yako," akasema akihema, "mtoto yuko ziwani."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

Ndama alikuwa ameona magugumaji yaliyojazana ufukweni, akadhani ni malisho, akapanda juu yake. Mdogo wangu akamfuata kumrudisha. Magugu yakishonana hubeba hata mtu, kwa muda. Upepo ukayang'oa, yakawa kisiwa, yakaondoka na wote wawili. Boti za injini hazikusogea, maana magugu hunasa injini. Na baba ni Msukuma wa ng'ombe. Maji yakimpita magoti anaanza kusali.

Mama kazaliwa kisiwani Ukerewe, maji pande zote. Alikaza kitenge, akaomba mtumbwi kwa mvuvi aliyekuwa anashona nyavu, akashika kafi. Mimi nikaingia. Baba naye akarukia ndani, akabaki amesimama, mtumbwi ukayumba.

"Mwambie baba yako..." mama akaanza, kisha akaachana na mimi. "Wewe, kaa chini. Utatuzamisha."

"Nimekaa, mama watoto."

Kazi yangu ikawa kuchota maji yaliyoingia, kwa kidumu kilichokatwa.

Tulimkuta mdogo wangu amelala kifudifudi, kamkumbatia ndama shingoni, nusu ya mwili majini. Magugu yalikuwa yanaachana chini yake. Hakulia. Aliponiona alisema, "Dada, leo usinichekeshe. Nitaachia."

"Mwachie ndama, mwanangu," baba akasema. Jamani, sijawahi kumsikia Msukuma akitamka maneno hayo. Mdogo wangu akatikisa kichwa.

Mama akamgeukia baba. "Unaweza kumshika ndama kichwa kisizame mpaka ufukweni?"

"Ng'ombe naweza. Maji ndiyo siwezi."

"Maji niachie mimi."

Akausogeza mtumbwi ubavuni mwa magugu. Nikamvuta mdogo wangu kwa mkanda wa kaptula. Baba akalala ukingoni, kifua nje, akamdaka ndama na kuanza kumbembeleza kwa Kisukuma, macho kayafumba. Mama akaegemea upande wa pili ili tusipinduke, akapiga kafi polepole, bila kukosea. Mtoto alitetemeka mapajani mwangu. Sikumchekesha, ingawa baba alinipa sababu nyingi.

Ufukweni ndama alisimama kwa miguu yake, na mama akamsugua mdogo wangu kwa kitenge mpaka akapata joto. Baba alisimama pembeni, nguo zikidondosha maji mchangani.

"Mfundishe kuogelea," akasema.

"Nitamfundisha. Na wewe pia."

Nilidhani ni utani. Lakini Jumamosi iliyofuata mama alivuka tena, na iliyofuata hiyo. Hakuna aliyetangaza kurudiana, wala mimi sikuuliza. Hata mdomo wangu una mipaka. Baba aliingia ziwani, mama kamshika tumboni kwa mkono mmoja, naye anapiga miguu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Watoto wa pale walijaa kutazama. Mdogo wangu alikuwa ameshajua kuogelea, anaelea mbele ya baba na mama huku akicheka.

"Yule mzee ni nani?" kijana mmoja akaniuliza.

"Baba yangu," nikasema. "Anayemshika ni mama yangu. Na yule anayemcheka ni mdogo wangu, yule aliyekataa kumwachia ndama."

Nikayasema kwa sauti, wasikie mpaka wa nyuma.