Kikapu cha Kalamu Zilizobarikiwa

Mtawa anayeongoza shule ya wanangu, ambaye sote tunamwita masere, aliniomba niendeshe saa ya utulivu kila Ijumaa kwa darasa la sita la sekondari, wale wanaosubiri mtihani wa serikali. Alitaka mtu wa kuwatuliza roho. Mimi nina digrii ya falsafa, na hapa Bukavu mtu wa falsafa akiombwa kazi hakawii kukubali.

Ijumaa ya kwanza niliwasomea kurasa sita juu ya hofu na uhuru wa mwanadamu. Nilipofika ukurasa wa tatu, nusu ya darasa ilikuwa imelala. Nikaenda kwa masere kujiuzulu.

"Papa, hawa batoto banatoka mbali kule Cimpunda na miguu," aliniambia. "Kama banalala kwako, roho yabo inatulia. Endelea tu."

Mmoja hakulala kamwe: msichana aliyekaa karibu na dirisha, aliyekuwa anarudia mwaka. Alishaanguka mtihani mara moja, na kila Ijumaa aliniuliza kama mtu anaweza kujiandikisha kisha asiingie kwenye mtihani. Masere alinionya kwamba siku ya mtihani akibaki nyumbani, shule ndiyo imekwisha kwake. Hapo nikajua kazi yangu ni yeye.

Jumamosi kabla ya mtihani kuna misa ya kubariki kalamu. Kwa kawaida kila mmoja huinua biki yake juu na padri hunyunyiza maji. Mimi niliona ni fujo. Nikashauri zikusanywe zote katika kikapu kimoja, zipelekwe altareni kama sadaka.

"Na kuzirudisha?" aliuliza masere.

Nikamwambia hilo ni jambo dogo.

Misa ilipendeza sana. Baadaye nikamimina kikapu juu ya meza: biki za bluu tupu, zote zinafanana kama mbegu za maharagwe. Wanafunzi wakaanza kuzichambua.

"Papa, hii iko na meno ya mutu."

"Yangu ilikuwa mupya. Hii ni kama ilishafanya mtihani tayari."

"Nani alibeba ya premier wa darasa? Asiifiche."

Wavulana watatu walidai wanayo. Premier mwenyewe, yule anayeshika nafasi ya kwanza, alikuwa chini ya meza, anatafuta yake.

Yule msichana wa dirishani aliketi kwenye benchi, biki iliyotafunwa mkononi.

"Mwaka ulioisha nilikuwa na yangu, nikaanguka," alisema. "Sasa niko na ya mutu. Mimi sitaingia, papa."

Nilifungua kinywa kumweleza kuhusu hofu na uhuru. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na karatasi, basi nikakaa kando yake. Akaanza kusema mwenyewe. Mama yake alikuwa amenunua poda ya kummwagia kichwani siku ya matokeo, kama wanavyofanyiwa wote wanaopita. Matokeo yakatoka bila jina lake. Wadogo zake wakajipaka poda ile mpaka ikaisha, kila asubuhi, mbele yake. Na sasa mama ameshanunua kopo lingine.

"Na wewe papa, ulipita mara ya kwanza?"

Kuna jambo ambalo nimelificha katika mji huu tangu ujana wangu, hata mke wangu halijui.

"Nilianguka," nilisema.

"Wewe? Mwenye digrii?"

"Na biki yangu aliibariki askofu."

Akacheka mpaka akashika benchi. Nikamwomba iwe siri yetu. Akaitika kwa heshima zote.

Jumapili mke wangu alirudi kutoka sokoni akaniuliza, kwa sauti ya upole mno, ni masomo gani yaliyonishinda.

Siku ya mtihani nilisimama mbele ya lango. Darasa zima lilipita likinisalimu kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. Mvulana mmoja alinipiga begani: "Courage, papa. Ilishapita."

Yule msichana alifika karibu wa mwisho. Alisimama mbele yangu, akatazama ndani ya uwanja, akarudisha macho kwangu.

"Papa, ile mara ya pili, uliogopa?"

"Zaidi ya mara ya kwanza. Nilitapika hapo karibu na ukuta."

"Ukuta gani?"

Nikamwonyesha. Aliutazama vizuri, akaniambia nimsubiri hapo hapo mpaka atoke, kisha akaingia.