Waya Usio na Mwenyewe

Nilikana tangu mwanzo kwamba naitaka kazi ile. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa vitabu, nilisoma fasihi chuo kikuu kule Bukavu, Kongo, na mambo haya ya swichi na ruta ni ya kupita tu mpaka nipate darasa la kufundisha. Mkoba wangu ulikaa mlangoni umejaa nguo, katika chumba nilichopanga Area 23 jijini Lilongwe, Malawi, ili anayeingia aone kwamba sikai. Ukweli ni kwamba niliitaka kazi ile.

Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia mtandao wa kompyuta wa shirika moja la kanisa huko Area 18: jengo la ofisi, na nyuma yake ukumbi wa mikutano. Walikuwa wamenipa muda wa majaribio. Ukiisha, ama wangenipa mkataba ama wangeita kampuni ya mjini, ile yenye gari lililoandikwa ubavuni. Bila mkataba sikuwa na sababu ya kuishi Lilongwe. Ningerudi Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na kuendelea kuwaeleza watu kwamba nasubiri darasa.

Dzaleka ndiko nilikojifunza, pamoja na rafiki yangu, dada Mrundi mwenye ulimi usiojua likizo. Tulijifunzia kwenye swichi kuukuu, kile kisanduku cha matundu kinachounganisha nyaya za kompyuta, ambayo radi ilikuwa imeunguza matundu yake ya upande mmoja. Na kambini tulikuwa na desturi. Waya unaoning'inia ncha ni waya usio na mwenyewe. Ukiuacha jioni, asubuhi utaukuta umeanikiwa nguo za jirani, au umefunga gunia kwenye baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria. Kwa hiyo waya wa akiba tuliuchomeka ncha zote mbili kwenye matundu yaliyokufa, na hapo hakuna aliyeugusa, maana ulionekana uko kazini. Nasi pia tulipenda kuonekana hivyo.

Nilipopata kibarua cha Area 18, nilimwita huyo rafiki tutandaze nyaya pamoja. Alifunga nyaya za ukumbini peke yake, mimi nikashika ofisi. Kila kitu kikawaka. Kisha, Jumatano moja, mtandao ukafa.

Taa zote za swichi kubwa zilipepesa kwa pamoja kama zimeshikwa na homa. Hakuna barua pepe iliyotoka wala kuingia. Mhasibu alitoka ofisini kwake akasimama nyuma yangu, akipumua. Nilizima hiki, nikawasha kile, nikarudia, mpaka saa za mchana mtandao ukarudi wenyewe. Nikapokea zikomo, asante za kwao, ambazo sikuzistahili. Jumatano iliyofuata ukafa tena.

“Amayi,” mkurugenzi aliniuliza, mzee mpole aliyeita kila mwanamke hivyo kwa heshima ya kwao, “mapepo haya yanapenda Jumatano tu?”

Nilimjibu kwa maneno makubwa ya Kiingereza, yale mtu anayoyatumia asipojua kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Jumatano inayokuja, mchana, wana mazungumzo ya video na wafadhili, na baada ya hapo wataamua juu yangu na ile kampuni.

Sikuweza kutulia. Nilishuka soko la Tsoka nikijidanganya kwamba nahitaji vitunguu, nikaenda moja kwa moja kwa rafiki yangu, aliyekuwa akiuza nguo za mitumba.

“We, mbona unazunguka kama kuku anatafuta pa kutagia?”

“Mtandao unakufa.”

“Si we ni mwalimu wa fasihi? Ufe tu.”

“Sina shida nayo ile kazi. Nasema tu.”

“Kama hauna shida, ikala basi.” Akanisogezea ndoo niikalie.

Sikukaa. Nilinunua vitunguu, nikavisahau kwake.

Jumatano ilipofika niliamua kutozima chochote. Taa zilipoanza kupepesa nilichomoa waya mmoja mmoja kutoka swichi kubwa, huku mhasibu akiuliza kama najua ninachofanya. Nilisema najua. Nilipochomoa waya unaokwenda ukumbini, taa zilitulia zote, kama darasa mwalimu anapoingia.

Nikakimbia ukumbini. Akina mama wa kanisa walikuwa ndani na vyerehani vyao. Ukumbi ule ulikuwa ukifunguliwa kila Jumatano asubuhi tu, na umeme wake ukiwashwa wakati huohuo na kuzimwa mchana. Juu ya rafu palikuwa na swichi ndogo. Kati ya nyaya zake kulikuwa na mmoja wa buluu, umekunjwa kwa upendo na kufungwa kipande cha kitenge, ncha zote mbili zimechomekwa. Niliujua mkono wa rafiki yangu kabla sijaelewa kosa. Swichi hii haikupigwa na radi. Matundu yake yote yalikuwa hai, kwa hiyo ujumbe ulitoka kwa ncha moja, ukarudi kwa nyingine, ukatoka tena, ukazunguka na kuongezeka mpaka jengo zima likakosa nafasi ya kupitisha kitu kingine.

Nikampigia rafiki yangu.

“Dada, huu waya wa buluu ni wa nini?”

“Wa akiba. Nimeufunga bizuri, batu basiuibe.”

“Ncha zote mbili?”

“Sasa ulitaka niuache unaning'inia kama hauna mwenyewe?”

Nilicheka peke yangu mbele ya vyerehani. Ningefanya vilevile.

Nilichomoa ncha moja, nikarudisha waya wa ukumbi, kisha nikaiamuru swichi kubwa ifunge yenyewe tundu lolote litakaloletewa mafuriko kama yale. Mazungumzo ya video yalikwenda mpaka mwisho. Baadaye mkurugenzi akauliza ilikuwa nini. Ningeweza kusema joto, au umeme wa mjini. Nikasema ni waya wetu, tuliuweka wenyewe, nikamweleza habari za Dzaleka na kamba za nguo. Aliitikia kwa kichwa, akaingia kwenye kikao cha kuamua.

Siku zilizofuata nilitoa nguo mkobani, nikazirudisha, nikazitoa tena. Jumamosi nilikuwa nafua, mikono ina povu, simu ikalia.

“Amayi, mkataba wako uko mezani kwangu. Jumatatu njoo utie sahihi. Wale wa kampuni tumewaambia wasije.”

Nilikuwa na hotuba tayari, ya vitabu na darasa. Nikaiacha, nikafuta povu kwenye sketi.

“Umenisikia?”

“Nimesikia. Zikomo kwambiri.”

“Na yule mwenzako aliyefunga ukumbi, njoo naye. Tunaongeza ofisi nyingine, na sijawahi kuona nyaya zilizopangwa vizuri vile. Ila mwambie, hapa kwetu ncha moja inatosha.”